Kalamu Isiyooshwa

Kwaruu.

Mara moja tu, kisha kimya. Mzee aliyekuwa karani wa vizazi na vifo kwa miaka thelathini na mmoja alifumbua macho gizani, akaitambua sauti ile kabla hajatambua kwamba ameamka. Haikuwa panya. Panya hukwaruza kwa pupa, akasita, akarudia. Hii ilikuwa nibu ya kalamu ya wino, imewekwa juu ya kitu, ikavutwa kidogo kutoka kushoto kwenda kulia, ikanyanyuliwa.

"Umesikia?" alimnong'oneza mkewe.

"Nimekusikia wewe," alisema mkewe. "Lala, mume wangu."

Kulipokucha alikwenda sebuleni, kwenye kabati lake. Seremala alikuwa amelitengeneza kwa vipimo alivyopewa: droo sita nyembamba, kila droo na vijifereji vilivyotandikwa flana, kila kijifereji na kalamu yake. Kalamu arobaini na moja. Hakuna hata moja iliyolazwa na wino tumboni. Akishamaliza kuitumia aliimwaga, akaivutisha maji ya baridi na kuyasukuma nje, tena na tena, mpaka maji yatoke kama yalivyoingia. Maji ya moto hakuyagusa, maana huharibu mpira wa ndani unaobeba wino. Kisha aliiacha siku mbili juu ya kitambaa ikauke, ndipo akailaza. Zile za plastiki ya zamani, zinazonuka kafuri, alizitenga katika droo ya juu yenye matundu ya hewa, kwa sababu mvuke wake hula kalamu nyingine. Jua halikufika pale, wala joto la jikoni.

"Kalamu zake zinaoga kuliko yeye," mkewe alizoea kuwaambia wageni. Wageni walicheka, naye alicheka pamoja nao.

Asubuhi hiyo alivuta droo moja baada ya nyingine. Tano za juu zilikuwa salama. Ya sita, ya chini kabisa, hakuwahi kuihesabu. Ndani yake mlikuwa na flana iliyokunjwa, na nyuma ya flana, kitu kilichoviringishwa kwenye leso. Juu ya flana palikuwa na kistari kimoja cha wino, kifupi kama kucha.

Alikigusa. Kilikuwa kibichi. Akanusa kidole chake, akapata harufu ya chuma kilicholowa, harufu ya wino wa rejista, ule usiofutika, ambao hakuununua tangu astaafu. Akaenda bafuni akasugua kidole kwa sabuni. Leso hakuifungua.

Walikuwa na mtoto mmoja tu, binti waliyempata baada ya kungoja sana, wakamwita Kasuku kwa sababu alianza kusema mapema na hakunyamaza tena. Sasa alikuwa na miaka ishirini na sita, akifanya kazi kwenye duka la miwani, na bado kila sentensi aliianza na Baba. Jioni ile alikuja na cheti chake cha kuzaliwa mkononi.

"Baba, nani kachezea cheti changu? Kazini wanataka nakala."

Penye jina la baba palikuwa na kistari.

"Unyevu huo," alisema mzee.

"Unyevu unachagua, Baba? Jina la Mama umeliacha, tarehe umeiacha, umekunywa la kwako tu?"

"Mwanangu, wino wa siku zile ulikuwa mbovu."

"Baba, kwa wino huo uliandika wewe."

Mama yake alicheka kutoka jikoni. Mzee alijaribu kucheka pia.

Usiku ule ilikwaruza mara mbili. Asubuhi, kwenye tuzo ya utumishi iliyotundikwa ukutani ndani ya kioo, jina lake halikuwepo; kilikuwepo kistari. Usiku uliofuata ikakwaruza mara nyingi asiweze kuhesabu, na mkewe alipofungua sanduku lake alikuta cheti chao cha ndoa kina jina la mke peke yake, na barua alizoandikiwa enzi za uchumba, barua ambazo alikuwa akizisoma bado anapoudhiwa ili akumbuke kwa nini alikubali, zote zimetiwa sahihi na kistari kimoja kifupi.

"Hili si la unyevu," alisema kwa sauti ya chini, akiwa amekaa kitandani na barua mapajani. "Mume wangu, kuna kitu humu ndani. Unakijua?"

"Sikijui."

Hiyo ilikuwa mara ya pili kusema uongo katika juma moja, na uongo wa tatu, ule mkubwa, ulikuwa umeviringishwa kwenye leso.

Kisha Kasuku akaanza kunyamaza. Kwanza neno Baba lilimkwama, alifungua kinywa, akakifunga, akasema, "Wee, nisogezee sukari." Vidole vyake vya mkono wa kulia viliamka na madoa ya wino. Na siku ya sita, mzee alipokuwa akiosha uso uani, msichana alimpita akampa shikamoo ya adabu, ya macho chini, ile wanayopewa wapangaji na wageni, akaingia jikoni, na kupitia dirisha lililokuwa wazi mzee akamsikia akimuuliza mama yake kwa kunong'ona, bila utani wowote ndani yake, "Mama, huyu mzee atakaa kwetu mpaka lini?"

Maji yalimkaukia usoni. Hakuingia ndani mpaka msichana alipoondoka kwenda kazini.

Mkewe ndiye aliyemleta mganga, alasiri ileile. Alikuwa mwanamke mnene, mkongwe kuliko wao wote wawili, aliyekuja bila mkoba wala ubani. Alisimama katikati ya sebule akanusa.

"Kafuri," alisema mke wa karani. "Usiku hunuka zaidi."

"Kafuri hiyo ni ya kalamu za droo ya juu," alisema mganga. "Marehemu mume wangu alikuwa nayo moja. Tusitishane bure." Akainama kwa taabu, akishika kiuno, mpaka pua yake ikafika droo ya sita. Akakaa hapo muda mrefu. "Na humu?"

"Tupu," alisema mzee.

"Mdogo wangu, mimi magoti yangu yanauma. Fungua."

Alifungua. Leso aliifunua mwenyewe, mkunjo kwa mkunjo, mbele ya wanawake wawili. Ndani palilala kalamu nyeusi ya ofisini, ya kawaida kabisa, isiyostahili kabati. Wino uliowekwa miaka ishirini na tisa iliyopita ulitakiwa uwe vumbi. Ulidondoka kwenye leso, tone moja, ukatambaa.

"Mbona hii hukuiosha?" aliuliza mkewe.

Halikuwa swali la hasira. Aliuliza tu, kama mtu aliyeishi na mumewe na beseni la maji kwa zaidi ya miaka thelathini.

Mzee alishajaribu kuiosha. Mara moja, mwaka ule ule, aliishika juu ya beseni, na tone la kwanza lilipogusa maji likafunguka kama jicho, akaona tena dirisha la ofisi, foleni ndefu, na msichana aliyekuwa akiuza bahasha mlangoni pao, amebeba kichanga kwenye blanketi. Karani wakati huo alikuwa na mke nyumbani, wa mwaka wa pili wa ndoa, aliyelia kila mwezi kwa kukosa mimba. Msichana hakuleta fujo. Alitaja jina la mtoto, tarehe, jina lake mwenyewe. Karani akauliza, kwa sauti ileile aliyowaulizia wote, jina la baba. Msichana akamtazama. "Andika unalolijua," alisema. Watu wa nyuma walikuwa wakinung'unika juu ya muda. Karani akavuta kistari. Msichana alingoja wino ukauke, akasema, "Asante, karani," akaondoka, na bahasha hakuuza tena mlangoni pale.

Yule aliyejua kutunza kila kalamu aliifunika hii ikiwa imejaa, akaileta nyumbani, akaificha.

Mganga hakumwambia aseme. Alikaa kwenye kochi, akavuta pumzi.

"Utamtoa huyo aliyemo humu?" aliuliza mke.

"Simwezi. Huyu hakutumwa na mtu, wala hataki damu wala manukato. Mumeo alimwachia nafasi mahali, nafasi ndogo tu, upana wa jina moja, naye akaingia akakaa. Sasa anakula majina mengine ya mwenye nyumba, maana lile analolingoja hapewi."

"Jina la nani?"

Mganga alimtazama mzee.

Mlango wa mbele ulifunguka. Kasuku aliingia, saa moja kabla ya muda wake, bila salamu, bila kuvua viatu. Alipita katikati yao mpaka kwenye meza ya baba yake, akavuta kiti, akaketi wima. Akafungua daftari kubwa lisiloandikwa kitu. Akanyoosha mkono bila kugeuza kichwa, na ile kalamu, ambayo hakuna aliyeona ikitoka kwenye leso, ilikuwa tayari kati ya vidole vyake.

"Anayefuata," alisema.

Ilikuwa sauti ya mzee mwenyewe, ile ya dirishani, ya saa nane mchana, yenye uchovu na isiyomwangalia mtu usoni. Mkewe alijiziba mdomo.

"Anayefuata."

"Ni zamu yako," alinong'ona mganga. "Ukikawia, mtoto huyu hatarudi kukujua."

Mzee alivuta stuli, akaketi upande wa meza ambao hakuwahi kuukalia maishani mwake, na kutoka huko meza ilionekana ndefu, na aliyekaa nyuma yake alionekana juu sana.

"Unaandikisha nini?"

"Kizazi."

"Jinsia?"

"Wa kike."

"Tarehe?"

Aliitaja, siku na mwezi na mwaka, bila kusita, kama mtu aliyeisoma kila siku. Na mlangoni mwa jikoni aliona midomo ya mkewe ikihesabu bila sauti, ikirudi nyuma mwaka baada ya mwaka, ikavuka kuzaliwa kwa Kasuku, ikaendelea, ikafika kwenye mwaka wa pili wa ndoa yao, ikasimama.

"Mama?"

"Ameshajitaja. Alijitaja siku ile."

Kalamu iliandika, na kila herufi ilikwaruza, na harufu ya chuma kilicholowa ilipanda mpaka ikafunika kafuri, ikafunika sabuni kwenye mikono yake, ikaingia kooni, na ukutani kile kistari kilichokuwa ndani ya kioo kikaanza kurefuka polepole kuelekea ukingo wa fremu, na msichana aliyekuwa mwanawe aligeuza uso wake kwake kwa mara ya kwanza, macho yakiwa wazi na hakuna ndani yake hata chembe ya kumfahamu.

"Jina la baba?"

Nibu iligusa karatasi ikangoja. Wino ulijikusanya chini yake, ukavimba.

Mzee alimtazama mkewe. Mkewe hakuangalia pembeni, hakumsaidia, hakulia. Alisimama pale kama walivyosimama watu wote kwenye foleni yake, wakingoja kusikia.

"Andika..." alianza, na akaona alikuwa anakaribia kumwachia tena mwingine kazi ya kulitaja, mwanawe mwenyewe. Akafuta uso kwa kiganja. Akaanza upya.

Akalitaja jina lake, na la baba yake, na la babu yake, kwa sauti iliyofika jikoni, akipumzika kidogo baada ya kila moja, kama alivyowafundisha watu maisha yake yote, ili anayeandika asikosee.