Folda Isiyo na Jina

"Mama, mbona Mdogo hayupo?"

Mama Pacha alikuwa jikoni akikwangua sufuria. "Si huyo hapo ubavuni mwako?"

"Hapa yupo. Kwenye picha ndiyo hayupo."

Alikuja sebuleni akijifuta mikono. Binti zake walikuwa mbele ya kompyuta ya marehemu baba yao, wakitazama picha za siku walipotimiza miaka saba. Keki ilikuwepo. Mkubwa, aliyemtangulia mwenzake kuzaliwa kwa dakika kumi na hakuacha kujivunia, alikuwepo, mashavu yamejaa hewa. Pembeni yake palikuwa na ukuta mtupu, na sakafuni kivuli cha mtoto kisicho na mwenyewe.

Picha zote za nyumba ile zilikaa kwenye kisanduku cheusi juu ya kabati, chenye diski mbili, kilichounganishwa na waifai. Baba Pacha, mpigapicha, alikiita seva. Ajali ilipomchukua, kisanduku kile ndicho kilichobaki na harusi yao, pacha wakiwa na siku moja, na sauti yake akiwabembeleza walale. Nakala nyingine haikuwepo.

Asubuhi hiyo seva ilikuwa imeomba kusasishwa programu yake. Mama Pacha ni mkunga. Alikuwa ametoka zamu, macho yanamwasha. Alibonyeza "Ruhusu". Ikauliza tena, akabonyeza tena. Mara ya tatu maandishi yalikuwa ya lugha asiyoijua, akabonyeza vilevile ili akalale.

Sasa alimpigia simu shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi kompyuta. Shemeji alifika alasiri na mkoba wa bisibisi.

"Shemeji, hii imevimbiwa tu," alisema akicheka. "Masasisho mengine ni kama ugeni wa ghafla, yanavuruga nyumba."

Akakagua diski. Nzima. Kisha akaacha kucheka.

"Hii folda isiyo na jina ni ya nani? Inazidi kujaa."

"Sijaigusa."

Akachomoa waya wa intaneti kwenye kifaa cha waifai. Folda ikaendelea kujaa. Akaifungua. Zilikuwa picha za sebule ile ile, za siku ile ile, zilizopigwa kutoka juu ya kabati, na seva haina kamera. Humo Mdogo alikuwepo. Alikuwa ameshikwa mkono na mtu mrefu mno, aliyeinamisha kichwa kwa sababu dari halikumtosha.

"Usiwaoneshe watoto," Mama Pacha alinong'ona.

Seva ikaanza kulia, tik, tik-tik, kama kucha zinazojaribu mlango. Harufu ya udongo mbichi uliochimbuliwa ikatanda. Shemeji akang'oa plagi, taa ya kijani ikabaki inawaka, akachomoa diski zote mbili akaziweka mezani, tik-tik ikaendelea ndani ya kisanduku kitupu, na Mama Pacha alipogeuka kumtafuta Mdogo alimkuta amesimama nyuma yake, mikono ya baridi kama chuma cha alfajiri, midomo yake ikitikisika pale chini huku sauti yake ikitokea kule juu, kwenye kabati: "Mama, huku kuna giza."

Kisha ikaja sauti nyingine, ya mumewe, ile ile aliyolala akiisikia kwa miaka tisa.

"Uliniruhusu mwenyewe, mke wangu."

Mkubwa ndiye aliyetumwa mbio nyumba ya pili kumwita Bi Miwani. Bi Miwani alikuwa mpiga chapa wa mahakama hadi alipostaafu, na watu walimwita kimyakimya wanapofikwa na mambo yasiyosemeka mchana. Hakuuliza habari. Alinusa mlangoni, akafuta miwani kwa ncha ya khanga.

"Jini ni kama karani," alisema. "Haingii bila kibali, na hatoki kibali kisipofutwa. Ulibonyeza mara ngapi?"

"Tatu."

"Basi utamkana mara tatu kwa mdomo wako. Na kila alichokivaa kifutwe. Sauti ya mumeo ndiyo nguo yake."

"Hata moja nisibakize, bibi? Hawa watoto hawana kingine cha baba yao."

"Unataka sauti ya baba au unamtaka mtoto?"

Shemeji alirudisha diski, akainamia kompyuta kwa muda. "Tayari," alisema bila kumtazama mtu.

"Sikuruhusu," Mama Pacha alisema, akabonyeza "Futa".

"Mama Pacha," ikasema sauti, kwa upole. "Unanizika mara ya pili?"

Machozi yalimziba macho. "Sikuruhusu."

"Waache wanangu wanisikie. Mara moja tu."

"Sikuruhusu!"

Taa ya kijani ikazimika. Mdogo akapiga kelele, na Mama Pacha, aliyepokea mamia ya watoto kwa mikono yake, alikitambua kilio kile: ni cha mtoto anayevuta pumzi yake ya kwanza. Alimkumbatia mpaka mwili ukapata joto.

Siku tatu zikapita za amani. Ya nne, saa sita mchana, Shemeji alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia kwa furaha.

"Nisamehe, shemeji. Siku ile kabla hujafuta, nilinakili sauti ya kaka kwenye simu yangu. Ni kaka yangu. Ningewezaje?"

Mama Pacha alikaa sakafuni. "Ifute. Sasa hivi."

"Nimeisikiliza siku zote hizi. Leo ameongeza maneno. Kaniuliza kama anaweza kukaa kwangu." Alicheka kidogo. "Nikamwambia, karibu."

"Shemeji, toka humo ndani! Iache simu, toka!"

Kitu kikaanguka huko aliko, kizito, mara moja tu.

"Shemeji?"

"Amelala, mke wangu," simu ikajibu.