Nyungunyungu Kumi na Wanne

Saa tano na dakika hamsini asubuhi, Jumatano, wanafunzi kumi na wanne wa Kidato cha Tatu walikuwa wamepiga magoti chini ya migunga, kando ya ua wa shule moja ya kutwa karibu na soko la Kiritiri. Kila mmoja alikuwa na puta mdomoni. Puta ni chupa ndogo yenye mirija miwili: mmoja unauelekeza kwa mdudu, wa pili unaufyonza kwa mdomo, mdudu anavutwa hadi chupani. Mrija wa kufyonzea hufungwa kipande cha neti ya mbu, usije ukameza mchwa.

Winrose alifyonza mara moja, akakohoa, akasema amemeza vumbi. Alifyonza tena, maana alikuwa msichana wa kumaliza kazi aliyopewa. Saa sita na dakika tano alikuwa chini, povu likimtoka, vidole vikichimba mchanga. Alikufa kwenye kiti cha nyuma cha gari la mwalimu mkuu kabla ya kufika lami. Alikuwa na miaka kumi na saba.

Inspekta Karambu, mzaliwa wa Muthara, mpelelezi kwa miaka kumi na miwili, alifika saa saba kasoro robo. Alikuwa na njaa na haraka, na hiyo haraka ndiyo iliyoleta balaa lililofuata.

Kwanza alimkamata Yasser, muuza mandazi wa langoni, aliyekuwa amemuuzia Winrose mawili wakati wa chai. Askari walimwaga karai lake la mafuta na kumkalisha juani nusu saa. Ilipobainika kuwa watoto sitini walikula mandazi yaleyale na wote walikuwa wazima, walimwambia aende. Hakuna aliyemwomba msamaha.

Kisha alimhoji mwalimu wa biolojia, Naftaly, mtu wa Ruiri, mpole, leso mkononi, macho mekundu.

"Mwalimu, kila mwanafunzi alipataje puta yake?"

"Wanajichukulia tu kwa trei, Afande. Ndiyo mtindo wetu. Anayewahi anachagua."

"Na trei ilitayarishwa na nani?"

"Hiyo ni kazi ya Nthiga. Mimi naikuta tayari."

Alilia alipotaja jina la Winrose. Karambu alimwonea huruma, akamletea maji ya kunywa.

Nthiga alikuwa fundi wa maabara kwa miaka kumi na tisa. Saa nane kasoro robo alisimama mbele ya meza, mikono nyuma kama mwanafunzi mwenye makosa.

"Hizi chupa ni wewe ulitengeneza?"

"Ni mimi, Madam. Kumi na nne. Nilizifunga neti mwenyewe, nikazitia namba, nikazipanga saa mbili asubuhi, nikaenda kuchota maji."

"Hii namba tisa, ya Winrose, haina neti. Na ina unga ndani ya mrija."

"Nilifunga neti, Madam. Zote."

"Stoo kuna dawa ya mchwa. Ufunguo ni wa nani?"

"Ni wangu peke yangu."

"Winrose ndiye alikuripoti kwa mwalimu mkuu ati unakunywa spiriti ya labu?"

Nthiga aliangalia viatu vyake. "Ni yeye. Na alisema ukweli. Niliacha tangu Januari."

Ilimtosha Karambu. Gari la polisi lingeweza kuletwa hadi mlango wa maabara, lakini alitaka aonekane amefanya kazi, kwa hiyo alimtembeza Nthiga na pingu kupita uwanjani hadi langoni, ambako nusu ya Kiritiri ilikuwa imesimama na simu zimeinuliwa. Angefikishwa mahakamani Ijumaa saa tatu kwa kosa la mauaji. Katika kesi ya mauaji, mtu anaweza kuozea rumande miaka kabla ya hakimu kukohoa.

Saa kumi na mbili jioni umati ulienda nyumbani kwa Nthiga. Waliwakata mbuzi wake miguu ya nyuma, wakawaacha wakijiburuta. Kisha walichoma nyumba. Mama yake mzee alikuwa ndani, amepooza upande mmoja tangu mwaka juzi, na walijua yumo. Baadhi yao walikuwa wamempelekea uji wiki iliyotangulia. Mmoja aliuliza kama wamtoe; mwingine akasema muuaji naye aonje uchungu wa kufiwa na mama, na hapo mjadala ukaisha.

Karambu alipigiwa simu akiwa mezani anakula. Hakumaliza chakula chake, na hakwenda seli kumwambia Nthiga.

Alhamisi saa moja na nusu asubuhi alikuwa ofisini akisoma upya maelezo ya jana, kwa aibu zaidi kuliko kwa bidii. Alifika kwenye maneno ya Naftaly, "wanajichukulia tu", akasimama hapo. Kama kila mtoto anajichagulia, Nthiga angejuaje kwamba chupa namba tisa itaangukia mkononi mwa Winrose? Mtu mwenye kinyongo na msichana mmoja haweki sumu kwenye chupa moja kati ya kumi na nne halafu akaomba bahati. Swali hilo alipaswa kuliuliza jana kabla ya kutoa pingu mfukoni. Alijitukana kwa Kimeru, kwa sauti, mpaka askari wa zamu akageuka.

Saa tatu alikuwa shuleni na Kaari, rafiki na jirani wa dawati wa Winrose.

"Kaari, jana mlichukua puta vipi?"

"Siku zote tunajichukulia. Lakini jana Mwalimu alituita kwa namba."

"Nani alipewa tisa?"

"Winrose. Akasema hataki hiyo, mrija imepasuka kidogo, anataka kumi na mbili. Mwalimu akamwambia, 'Chukua yako, wacha ujuaji.'"

"Jana hukuniambia."

"Hukuniuliza, Madam. Uliniuliza kama Nthiga hulewa."

Saa nne na robo Karambu alikuwa ofisi ya kilimo, ameweka chupa namba tisa ndani ya mfuko mbele ya Hidaya, afisa wa mimea. Hidaya aliinua mfuko kwenye mwanga bila kuufungua. Chini ya unga kulikuwa na chembe chache ambazo hazikusagika vizuri, rangi ya zambarau.

"Nani amekwambia hii ni dawa ya mchwa?"

"Mwalimu mkuu. Na mimi nikakubali."

"Ya mchwa tunayogawia shule ni kijivu, na ni laini kama majivu. Hii ni ya viazi. Wanaitia kwa shimo la kupandia, inaua minyoo ya mizizi. Imepigwa marufuku lakini huko juu bado wanaficha. Huku Mbeere nani analima viazi, dada? Na mvua gani?"

"Huko juu wapi?"

"Kunakolimwa viazi. Timau, Kibirichia, Ruiri."

Karambu alirudi shuleni taratibu, akiogopa kukosea mara ya pili. Jambo moja bado halikuwa na jibu: kwa nini mwalimu amuue mwanafunzi wake bora? Kaari alimfungulia dawati la Winrose. Ndani kulikuwa na daftari la mradi wa ikolojia, uleule uliokuwa umeishinda kaunti nzima katika mashindano ya sayansi na kutakiwa kuwakilisha kanda wiki iliyofuata, Naftaly akiwa mlezi wake. Mradi ulihusu viumbe wanaobaki ardhini miti ikikatwa kwa makaa. Wanafunzi walitupa fremu ya mraba, kwadrati, mara ishirini, wakahesabu kila kilichokuwemo.

Bango la mashindano lilikuwa limetundikwa ukutani maabara, limechapwa vizuri. Kwadrati ya kwanza: nyasi ya kikuyu, asilimia sitini, nyungunyungu, kumi na wanne. Ya pili: nyasi ya kikuyu, asilimia hamsini na tano, nyungunyungu, kumi na mmoja.

Karambu alitazama nje dirishani. Ilikuwa Machi, mvua haijanyesha tangu Desemba. Udongo ulikuwa mwekundu, mtupu, umepasuka. Nyasi ya kikuyu aliijua tangu utoto, ile ya kijani ya kulishia ng'ombe huko juu kwenye baridi na ukungu. Hapa hakuwahi kuona hata jani lake. Kwenye daftari, kwa mwandiko mdogo wa Winrose, kwadrati ya kwanza ilisema: udongo mtupu asilimia sabini na mbili, mchwa, siafu, buibui mmoja. Chini yake aliandika: "Mwalimu, nyungunyungu hakuna. Nimechimba mara tatu. Tafadhali turekebishe bango kabla ya kwenda."

Saa kumi na moja jioni Naftaly aliitwa maabara. Karambu alikuwa amekaa kwenye stuli, bango nyuma yake, mwalimu mkuu na askari mmoja mlangoni.

"Mwalimu, wewe hufundisha kwamba kila kiumbe kina makazi yake?"

"Ndiyo, Afande. Ni mambo ya msingi."

"Basi nisaidie. Nimepata vitu viwili hapa ambavyo si vya huku. Cha kwanza ni nyasi ya kikuyu na nyungunyungu ndani ya Kiritiri, mwezi wa tatu, kiangazi. Nani aliyahesabu haya?"

"Wanafunzi."

"Winrose alihesabu mchwa. Haya yamehesabiwa na mtu aliyekaa kwenye kiti akakumbuka shamba la kwao."

Naftaly alicheka kidogo. "Makosa ya takwimu si mauaji."

"Si mauaji. Cha pili ni dawa ya viazi kwenye mrija wa namba tisa. Nthiga ni Mmbeere, hajawahi kupanda kiazi. Wewe huenda Ruiri kila Ijumaa."

"Watoto hujichukulia chupa. Nilikwambia."

"Ulinidanganya. Wanafunzi kumi na watatu wameandika maelezo leo. Uliwaita kwa namba, na alipokataa tisa ukamlazimisha. Askari wangu wawili wametoka chumbani kwako sasa hivi. Kopo lilikuwa chini ya kitanda, pamoja na kijiko."

Naftaly aliikunja leso yake mara nne, sawasawa, akaiweka mfukoni. Alianza kuongea Kimeru, polepole.

"Inspekta, wewe ni wa Muthara, mimi ni wa Ruiri. Wacha tuongee kama watu wa nyumbani. Huyo mlevi ameshakamatwa. Nani atauliza?"

"Sema Kiswahili, ili mwalimu mkuu asikie."

Basi alisema, na sauti yake ilibadilika, ikawa kali.

"Alinisahihisha mbele ya darasa! Mtoto wa mchoma makaa, viatu vya kuazima, ananiambia mimi nimetunga. Akasema huko kanda wakimuuliza atasema ukweli. Miaka kumi na mmoja niko kwa hili vumbi, kila mwaka napitwa. Huu mradi ungenitoa huku. Nilitaka tu augue, akose kwenda, Kaari aende badala yake, aseme yaliyo kwa bango."

"Ulitia kiasi gani?"

Naftaly aliitoa leso tena.

"Kijiko kilikuwa cha chakula," Karambu alisema. "Baada ya kufyonza mara ya kwanza alikohoa, na wewe ulikuwa hatua mbili kutoka kwake. Ungeweza kumwambia aache. Kaari anasema ulimwambia nini?"

Aliyejibu ni mwalimu mkuu, maana maelezo ya Kaari yalikuwa mkononi mwake. "Anasema alimwambia arudie."

Walimtoa kwa mlango wa nyuma, gari likiwa limeletwa hadi kizingitini. Karambu alikuwa amejifunza hilo, kwa gharama ya watu wengine.

Saa kumi na mbili na nusu jioni alifungua seli. Nthiga aliinuka haraka, akishikilia suruali kwa sababu walikuwa wamemnyang'anya mshipi.

"Mmempata, Madam?"

"Tumempata. Ni Naftaly. Uko huru."

Nthiga aliziba uso kwa viganja. Hakuuliza kwa nini wala vipi, na hakumlaani mtu. Alipokea viatu vyake, akavivaa bila kufunga kamba.

"Wacha nikimbie basi. Mama hajageuzwa tangu jana asubuhi, na akilalia upande mmoja ngozi inachunika. Majirani ni wazuri, watakuwa wamempa uji, lakini kumgeuza hawajui. Ni mimi tu najua."

Alitaka kupita. Karambu alikuwa amesimama mlangoni na hakusogea.

"Nthiga," alisema, "keti kwanza."