Hataki na Hawezi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Redio alipanga foleni bombani na ndoo yake. Jina hilo alipewa na majirani, kwa sababu lililoingia sikioni mwake halikulala bila kutangazwa. Yeye mwenyewe alilipenda, maskini, akidhani anasifiwa.

Siku hizo nyumbani kwao hakukuwa na raha. Kaka yake, fundi mitambo kwenye kiwanda cha mablanketi, alikuwa amepunguziwa zamu. Wiki nyingine aliitwa siku mbili, nyingine hakuitwa kabisa. Harusi yake na mchumba wake, fundi cherehani wa mtaa wa pili, iliahirishwa tena na tena. Jioni moja Redio alimsikia kaka akimwambia mama kwamba kwa hali ile hawezi kuoa. Wao watatu walikuwa na chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Mke angemweka wapi? Na mtoto akija, angelishwa nini?

Kesho yake bombani, mama muuza mkaa aliuliza harusi ni lini. Redio alitua ndoo, akajibu mbele ya foleni nzima, "Kaka hataki kuoa tena."

Neno moja tu, lakini ona balaa lake! Redio aliporudi kutoka shule alimkuta fundi cherehani amesimama mlangoni, macho mekundu, amekataa kiti. Alikuwa amekuja kuvunja uchumba. Alimweleza mama kuwa kusubiri amesubiri kwa moyo mmoja, lakini kutangazwa bombani kwamba hatakiwi, hilo limemshinda.

Mama alimgeukia binti yake. "Kaka yako alisema nini? Neno kwa neno."

Redio angeweza kusema amesahau, na nani angembishia? Lakini alikumbuka vizuri sana. "Alisema hawezi," akajibu. "Ni mimi niliyesema hataki. Nilidhani ni mamoja. Nisamehe, wifi."

Fundi cherehani akaketi, akalia kwa uchungu. Kaka aliporudi, wawili hao waliongea muda mrefu uani. Uchumba ukabaki, ila harusi ingesubiri mpaka zamu zirudi, na zingerudi lini, hakuna aliyejua.

Asubuhi iliyofuata mama alimpeleka Redio bombani akaseme upya. Redio alisema kwamba kaka yake anataka kuoa ila hawezi, kazi hakuna. Mama muuza mkaa aliguna, akasema vijana wa siku hizi wamejaa visingizio, hata kuzaa hawazai. Hapo msusi mmoja, aliyeolewa zamani kidogo na kutaniwa kila siku kuwa hana mtoto, akaweka ndoo yake chini.

"Hata sisi tunataka," alisema. "Mume wangu yuko kiwanda hichohicho."

Hakuna aliyecheka. Mama muuza mkaa aliinamisha kichwa, akamwomba radhi.

Njiani Redio aliuliza kama msusi atapata mtoto. Mama alisema hajui.

"Watu wakiwa na kazi huoa, huzaa, hupanga maisha," aliongeza. "Kazi ikiyumba, yote hayo husimama, nao huumia kimyakimya. Ukisema hataki, umemlaumu mtu ambaye tayari ameumia. Mwanangu, neno la mtu lipeleke lilivyo, au liache."

Walipofika nyumbani, kaka alikuwa ameketi kitandani, amevaa nguo za kazi, akisubiri kuitwa.