Mmea wa Shangazi

Rafiki yangu ni fundi cherehani, mtu wa maneno mengi, lakini kisa hiki alinisimulia kwa sauti ya chini, macho yake yakiwa kwenye kitambaa.

Shangazi yake alipolazwa hospitalini alimwachia ufunguo wa nyumba, na haukuwepo mwingine. Alimwomba amwagilie mmea wake wa kutambaa, ulioning'inia kutoka juu ya kabati.

"Hausumbui, mwanangu," alimwambia. "Gusa udongo. Ukiwa mkavu, upe maji kidogo."

Kazi zilimzidi, hakwenda hata siku moja. Kila shangazi alipopiga simu kuuliza, alimjibu, "Nimeshaumwagilia, shangazi. Unapendeza." Shangazi alimshukuru na kumwombea heri, na alifariki akiamini hivyo.

Baada ya mazishi, rafiki yangu alikwenda kuutupa ule mmea kabla ndugu hawajauona. Ilikuwa jioni, umeme umekatika, mapazia yamefungwa. Alipofungua mlango alisikia maji yakichuruzika jikoni. Akadhani bomba liliachwa wazi, akaanza kupapasa gizani kuelekea huko. Majani yakamgusa shavuni, laini na yenye maji. Akainua mkono, akatia kidole kwenye chungu. Udongo ulikuwa chepechepe.

Akageukia jikoni.

"Shangazi, nilikudanganya," alisema. "Nisamehe."

Kule jikoni bomba likafungwa, taratibu, kama anavyolifunga mtu asiyetaka kumshtua mgeni.