Mshono wa Vespa ya Marehemu Darmo

Vespa ile ilianza kutoa harufu ya sigara ya karafuu kabla hata haijapakwa rangi. Katika karakana ya Sukirno, pale Malang, hakuna mtu aliyevuta.

"Nani anavuta humu?" Sukirno alifoka.

"Humu uko wewe na nani?" alijibu Yayuk, mkewe, amesimama mlangoni na sahani ya wali. "Hiyo ni sigara ya marehemu mzee Darmo. Nilikwambia, baba Wulan, rudisha mali ya watu!"

Na kweli alimwambia. Bi Sumirah, mjane wa Darmo, aliileta vespa ya mumewe ifufuliwe, aisikie tena ikinguruma uani. Sukirno akamkazia macho, akasema imeoza, haifai, bora aiache pale pamoja na hati zake. Mwongo mkubwa! Alikata kipande cha bati chenye namba ya bodi, kwa kuwa hati za vespa ya Darmo zilikuwa safi, akakichomelea kwenye vespa nyingine isiyo na hati, ya tajiri wa Jakarta, ndiyo hii inayonuka sigara. Bodi ya Darmo ikaenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, ikayeyushwa. Fundi anayemfanyia mjane hivyo hana haya wala dini.

Adhuhuri hiyohiyo injini ikanguruma, na plagi yake imelala mezani. Yayuk akakimbia kumwita Kyai Mahfud, mwalimu wa madrasa. Kyai alisomea maji, akainyunyizia vespa, akatega sikio kwenye bati.

"Kila mtu ana jini mwenzake," alinong'ona. "Mtu akifa, jini hubaki pale walipozoea kukaa, akiwa na sauti na mapenzi yaleyale ya marehemu. Huyu alipanda nyuma ya Darmo miaka yote. Bodi iko wapi?"

"Imeyeyushwa," Yayuk akasema kwa sauti ya chini.

"Basi amebaki na kipande hiki tu. Mpelekee mjane, Sukirno, umwombe radhi. Usikiguse kwa mashine. Ukimfukuza hapa ataingia popote."

"Mume wangu, nakuomba," Yayuk akamshika mkono.

"Niache! Mteja anakuja kesho. Jini gani wa kunipangia kazi kwenye karakana yangu?"

Akawasha mashine ya kusagia chuma. Cheche zikaruka, na kadiri alivyousaga ule mshono wa kuchomelea ndivyo bati lilivyokohoa, kikohozi kizito cha mzee, kikipanda kutoka tumboni mwa vespa, kikizunguka kuta, kikiwapita masikioni kwa pumzi ya moto, na Sukirno, badala ya kuogopa, akazidi kupandwa na hasira, akakandamiza na kutukana, akakandamiza tena, mpaka mshono ukawa laini na kikohozi kikakatika.

"Mmeona?" akacheka, akijifuta jasho. "Ameondoka."

Kyai alirudi nyuma hatua moja. Alikuwa akimtazama Yayuk.

Yayuk alikuwa ameketi sakafuni, miguu ameitanua kama mtu aliyepanda vespa. Alipoinua uso hakuonyesha kumjua mumewe. Sauti iliyomtoka ilikuwa ya mwanamume mzee, na ilijaa ghadhabu.

"Wee fundi," ilisema. "Sumirah ananisubiri. Nipeleke kwa mke wangu."