Upepo wa Saa Saba Mchana

Pazia lilikuwa limefura kuelekea ndani, na dirisha limefungwa. Yasmina alisimamisha cherehani. Nje, katika ua wao wa mtaa wa Nyakabiga, katika mji ulio kando ya ziwa, hata jani halikutikisika. Ilikuwa saa saba mchana, kiangazi kikali cha mwezi wa nane, na humo chumbani mlivuma upepo mkavu, wa moto, unaonuka manyoya yaliyoungua.

Binti yake Houda, wa miaka minne, alikaa sakafuni, nywele zikipepea.

"Mama, mi niko na kiu."

Akampa maji. Akaongeza. Kufikia siku ya tatu midomo ya mtoto ilikuwa imepasuka, na ndoo iliyojaa ilikauka kabla ya alasiri.

Siku ya nne Houda alifungua kinywa, ikatoka sauti nzito ya mwanamume.

"Mulinipa huyu. Ni wangu."

Baba yake, Djibril, fundi wa magari, alikimbia kumwita Shehe Hamimu. Shehe akaweka kiganja kwenye paji la mtoto, akasoma Ayatul Kursiy, na kadiri alivyosoma ndivyo upepo ulivyozidi, ukikwaruza kuta kama kucha, ukipeperusha vitambaa, ukiwakausha macho na ndimi hata wakashindwa kumeza mate.

"Wewe jini, umetoka wapi?" Shehe aliuliza.

"Nilikuwa napita ziwani. Nikaitwa."

"Nani alikuita?"

Kidole kidogo kikamnyooshea Yasmina.

"Apana," Djibril alinong'ona. "Mama Houda, sema kitu."

Yasmina alijibu, "Houda alimwaga chai juu ya robe, ile gauni ya bibi harusi nilikuwa nashona. Kazi ya wiki mbili, Baba Houda. Nikamwambia... upepo ukubebe, mi nipumzike."

Djibril akamtazama kama hamjui.

"Ikatae hiyo neno," Shehe alisema. "Kwa nguvu."

Yasmina alitambaa kwa magoti, joto likimchoma uso, akapiga kelele, "Sikumupa! Mutoto ni wangu!" Mara ya kwanza lile jini lilicheka. Mara ya pili lilinguruma. Mara ya tatu dirisha lilipasukia nje, bati likang'oka paani, likaruka kuelekea ziwani.

Upepo ukakoma. Houda akaanza kulia, kwa sauti yake mwenyewe.

Yasmina alimfungulia mikono. Mtoto alimwangalia, akarudi nyuma polepole mpaka akagusa miguu ya baba yake, akajificha.

"Papa," alinong'ona, "usiniache na yeye."