Saa ya Kutoka, Saa ya Kurudi

Siku ya tatu asubuhi, kabla ya chai, fundi saa alishika kitufe cha saa aliyoivaa ili aitie ufunguo. Kitufe kikagoma. Saa ilikuwa imejaa ufunguo pomoni, na yeye hakuwa ameitia ufunguo tangu jana.

"Nani amechezea saa yangu?" akauliza.

"Iko mkononi mwako," mkewe akamjibu huku akimimina chai. "Labda umeichezea mwenyewe."

Fundi hakucheka. Hilo lilikuwa geni, maana huyu alikuwa mtu wa kucheka hata akijigonga kidole na nyundo. Watu walimwita Jicho, kwa sababu lenzi aliyoibana jichoni kutwa nzima ilikuwa imemchora duara usoni. Kazi yake ilikuwa kufufua. Alinunua saa kuukuu za mfukoni, zile walizotembea nazo mababu kwa mnyororo, akazitoa mashine, akazisafisha jino kwa jino, kisha akazivalisha kasha jipya na mkanda wa ngozi zikawa saa za mkono.

Alikuwa na desturi mbili, na hakuwahi kuzivunja. Kwanza, alama zote zilizokwaruzwa ndani ya mfuniko wa zamani alizinakili kwenye daftari, maana mafundi huachiana salamu humo: herufi za jina, tarehe ya matengenezo. Pili, hakuna saa iliyokwenda kwa mteja kabla hajaivaa mwenyewe siku saba, akiandika kila siku imekimbia au imechelewa sekunde ngapi.

Hii aliletewa na mwanamume mmoja mpole, imefungwa ndani ya soksi. Alisema tu kwamba mkewe hayupo tena, naye hataki kuiona nyumbani. Mfuniko wake ulijaa namba tupu, mbilimbili, kwa miandiko tofauti. Jicho akazinakili bila kuzielewa. Kisha, kwa kuwa kasha lilikuwa la fedha safi na yeye alimpenda mkewe, akalipeleka kwa sonara wa duka la pili, likayeyushwa likawa bangili.

Mkewe aliivaa siku ileile. Iliingia bila kusukumwa. Basi mashine ikakaa kwa mume na kasha likakaa kwa mke, na kila mmoja akaenda na shughuli zake.

Siku ya nne, mke alikuwa akiloweka nguo. Shati la mumewe lilinukia marashi ya waridi, mazito, ya kizamani, na chini yake harufu ya chuma chenye kutu. Miaka kumi na moja ya ndoa hakuwahi kumshuku. Siku hiyo alimshuku. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea.

"Siku hizi dukani wanakuja wateja wa kike?" akamuuliza jioni.

"Na wewe," Jicho akasema bila kuinua macho, "jana saa nne na robo ulikuwa unakwenda wapi?"

Mke akageuka. Alikuwa amekwenda kwa dada yake, mara moja tu, wala hakumwambia mtu.

"Umejuaje?"

"Najua."

Siku ya sita, Jicho alipotoka kupeleka saa nyingine kwa mteja, mkewe akaingia dukani kutafuta jina la huyo mwanamke. Akafungua daftari. Kurasa za mwanzo zilikuwa na zile namba za mfunikoni. Halafu siku ya kwanza: imekimbia sekunde mbili. Siku ya pili: sekunde moja. Siku ya tatu hapakuwa na sekunde tena. *Katoka 4.15. Karudi 5.50.* Zilizofuata zilikuwa nyingi zaidi: sokoni, kwa jirani, hata kwenye kamba ya nguo nyuma ya nyumba, ambako hakuna dirisha wala jicho la mtu. Mwandiko ulilala kushoto, na mumewe hakuwahi kuandika hivyo. Mwisho kabisa palikuwa na siku ya saba, ambayo ilikuwa kesho. *Katoka 9.10.* Mbele yake peupe.

Akalibana daftari kwapani, akakimbilia chumba cha uani kwa baba mkwe wake. Mzee alikuwa fundi saa pia, mpaka mikono ilipoanza kumtetemeka akaviweka vibano kabatini. Alizisoma zile namba za mwanzo kwa lenzi, polepole, halafu akazirudia.

"Hizi si salamu za mafundi, mwanangu," akanong'ona. "Fundi huandika tarehe. Hizi ni saa za mtu kutoka na kurudi. Tazama mwisho wa kila mwandiko."

Akatazama. Kila mwandiko ulimalizika kwa namba moja, peke yake, haina mwenzake.

"Walioandika ni waume," Mzee akasema. "Tisa."

"Na wake zao?"

Mzee akalifunika daftari. Mke akamkumbuka yule mwanamume mpole na soksi yake.

"Ni jini wa wivu huyu. Mashine ndiyo roho yake, na kasha ndilo nyumba yake. Kasha liko wapi?" Mzee akauliza.

Mke akainua mkono. Walijaribu kuitoa ile bangili kwa sabuni, kisha kwa mafuta, na kila walipoivuta ilizidi kubana.

Kesho yake alasiri walimleta sonara kwa mlango wa uani na msumeno wake mdogo. "Tulia, shemeji, nisije nikakukata," alikuwa akisema, jasho likimdondoka, wakati mlango wa mbele ulipofunguka na Jicho akaingia, yeye ambaye hakuwahi kurudi nyumbani saa hizo. Hakufunga mlango, aliuacha wazi ukutani akasimama kando yake, mkono mmoja nyuma ya mgongo, saa ikigonga mkononi kwa nguvu mpaka vikombe vikaitikia kwenye sinia, na harufu ya waridi ikajaa chumbani hata sonara akafunika pua kwa kiwiko huku akiendelea kukata.

"Toka," Jicho akasema kwa upole. "Ni saa tisa na dakika nane. Toka, mke wangu, anakusubiri."

"Nani?" mke akauliza, machozi yakimtoka.

"Unamjua."

Mzee akaanza kumsogelea mwanawe, hatua moja, na nyingine, akimwita jina la utotoni ambalo halikuitwa miaka mingi, akamfungua mkanda wa saa taratibu kama anayemvua mtoto kiatu, akaigeuza saa, akaifungua mgongo kwa kisu, na mikono yake iliyokuwa ikimwaga chai kila asubuhi ikatulia tuli wakati kibano kiliposhuka kati ya meno ya mashine kukitafuta kile kigurudumu kinachocheza huku na huku, na papo hapo msumeno ukapenya na bangili ikaanguka sakafuni vipande viwili. Kigurudumu kikatoka. Saa ikasimama saa tisa na dakika kumi.

Nyuma ya Jicho nyundo ikaanguka. Akaitazama, akapiga magoti, akalia.

"Nilikuwa nakuona kila mahali," akamwambia mkewe. "Kama niko mkononi mwako."

Mashine ilipondwa, fedha ikayeyushwa nayo, na donge likatupwa kwenye choo cha shimo, mahali ambapo hata jini mwenye heshima zake haendi kudai chake. Jicho akarudi kucheka. Mkewe alimsamehe, na alimsamehe kweli. Ila aliondoa saa zote ukutani, na kila mara mumewe alipoaga aliikumbuka nyundo.

Wiki ya tatu, Mzee aliingia jikoni kuchota maji. Akamkuta mkwewe ameinama juu ya kalenda iliyogeuzwa, penseli mkononi.

"Unaandika nini, mwanangu?"

"Tahadhari tu, Baba. Napenda nijue yuko wapi."

Mzee akasogea. *Katoka 2.05. Karudi 7.30. Katoka 8.12. Karudi 8.40.* Mwandiko ulilala kushoto. Akazitazama kuta za jikoni, moja baada ya nyingine.

"Saa umeiona wapi?"

Mkwewe alimshangaa, kama aliyeulizwa jambo la kitoto. Akaandika *Katoka 9.10*, akaiweka penseli chini. Ndipo geti likalia nje, na sauti ya Jicho ikasikika ikiaga.

"Na ya kurudi?" Mzee akauliza, maji yakimwagika mkononi. "Mwanangu, acha nafasi ya kurudi."

Hapakuwa na nafasi. Mstari ule ulikuwa wa mwisho kwenye karatasi, na jiko zima lilinukia waridi.